Ni Nani Amlindaye Aliyelala?

Mtu wa Majengo apandapo kwenda kupasuliwa katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi ya Shirika la Msamaria Mwema, hujitia mikononi mwa wengine. Akisha kupewa dawa ya usingizi haoni, hasikii, wala hawezi kujitetea. Je, saa ile ni nani amlindaye?

Zamani daktari alitumainia macho, masikio na vidole vyake. Siku hizi amepata vyombo vya kidijitali. Kimoja hubanwa kidoleni mwa mgonjwa. Hupitisha nuru katika nyama, na kuonyesha kwa tarakimu kiasi cha oksijeni iliyomo damuni. Ikipungua, chombo hulia. Kingine ni kamera nyembamba itiwayo tumboni kwa tundu dogo, daktari akafanya kazi huku akitazama kioo.

Basi, wako wasemao kwamba mtambo usiochoka ni mlinzi bora kuliko mtu. Nasi hatuudharau, kwa maana huona yale yasiyoonekana kwa jicho. Lakini na tupambanue: kuona si kulinda. Chombo hulia, ila hakiinuki. Wala hakitaulizwa habari za roho ya mtu. Kikilia na asiwepo wa kuitikia, mgonjwa yu peke yake.

Jambo hili lilidhihirika katika nchi yetu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane za ulimwengu zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba katika hospitali hizo, zikihesabiwa pamoja, vifo vilishuka kutoka 15 hata 8 katika kila wagonjwa 1,000. Orodha ile ni karatasi tu yenye mambo 19. Huwataka watu wasimame kabla ya kisu, wajuane kwa majina, wahakikishe jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, tena waulizane kama kile chombo cha kidoleni kimevikwa na chafanya kazi.

Yule Msamaria alikuwa na mafuta, divai na mnyama wa kupanda. Lakini vitu hivyo havikumfaa majeruhi hata mwenye navyo alipomkaribia. Kwa hiyo tuvichangie vyombo kwa moyo, na watoto wetu wasomao udaktari tuwafundishe tangu nyumbani kuitika waitwapo.