Ukungu wa Mlimani na Deni la Mnywaji

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, majira ambayo Waswahili huyaita kipupwe, hewa ya Ukambani hubadilika. Asubuhi mji wa Wote huamka chini ya mawingu mazito. Vilele vya Mbooni na Nzaui hujifunika ukungu, na mtoto aendaye shule hujikunyata ndani ya sweta yake. Adhuhuri jua huupasua ukungu ule, na joto hurudi kana kwamba halikuwa limeondoka. Wengi huuona ukungu kuwa ni adha ya kupita tu. Lakini yafaa tuuchunguze, maana ndani yake mna swali la haki lisilojibika kwa wepesi.

Ukungu ni mvuke wa maji uliopoa ukawa matone madogo mno. Mvuke mwingi wa majira haya hutoka katika Bahari ya Hindi, nao huletwa bara na upepo wa kusi. Upepo ukikutana na vilima hulazimika kupanda, na hewa ipandayo hupoa: hewa kavu hupungukiwa joto kiasi cha digrii 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Hapo mvuke hugeuka kuwa wingu, na wingu likigusa ardhi twaliita ukungu.

Sasa tuufuate ukungu huo mpaka kusini mwa Kaunti ya Makueni, mahali ilipo safu ya vilima vya Chyulu, vilivyozaliwa na volkeno, na ambavyo kilele chake kirefu hupita mita 2,100. Huko misitu ya vileleni huukamata ukungu kwa majani na matawi yake, na matone hudondoka ardhini pamoja na mvua. Ajabu ni hii: juu ya vilima hivyo hakuna hata mto mmoja wa kudumu. Mawe ya volkeno yana matundu mengi, na maji yote hudidimia. Hutokeza tena mbali, katika chemchemi za Makindu na Kibwezi, na zaidi katika chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Kutoka Mzima, bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huchukua sehemu ya maji hayo, mwendo wa kilomita zaidi ya 200, hadi Mombasa. Basi mlima unaonywesha watu wengi hauna maji yake wenyewe, na kilichotoka baharini kwa upepo hurudi katika mji wa baharini kwa bomba.

Hapa ndipo swali linapozuka. Mtu wa Mombasa afunguaye bomba na kujaza ndoo yake, je, ana deni kwa mtu yeyote?

Mmoja atajibu: hana. Ukungu haukuumbwa na binadamu, wala mlima haukujengwa na fundi. Tena mnywaji hulipa ankara yake kila mwezi. Akiisha kulipa, amemaliza. Jibu hili lina nguvu, lakini lina upungufu. Ankara hulipia bomba, dawa ya kusafishia maji, na jasho la wafanyakazi. Hailipii mti uliosimama kileleni usiku kucha ukikinga ukungu. Na mti ule haukusimama kwa bahati tu. Umesimama kwa sababu kuna mtu aliyeweza kuukata, naye hakuukata.

Mtazame mtu huyo. Ana shamba dogo chini ya mlima, na mvua imemkosa misimu miwili. Karo ya mwanawe yadaiwa. Gunia la makaa lingemletea fedha kabla ya juma kwisha. Akiuacha mti, hakuna amwonaye, maana jambo lisilotendwa halina shahidi. Akiukata, wote humwona na kumlaumu. Kujizuia kwake ni kazi, ijapokuwa ni kazi isiyotoa jasho. Na kazi ikimfaa mwingine, basi pana deni.

Labda msomaji atauliza: je, mvuke haukutoka katika bahari ya watu wa Mombasa? Kwa nini basi wa mlimani asiwe yeye mdaiwa? Swali ni zuri, nalo latufunza jambo. Mtu wa pwani hakuifanya bahari, wala wa bara hakuufanya mlima. Kila mmoja amepokea kabla ya kutoa. Kwa hiyo hakuna awezaye kujigamba kwamba yeye ndiye mwenye maji. Hata hivyo, kati ya mwenye kitu na mlinzi wa kitu pana tofauti kubwa. Sisi sote si wenyewe, bali walinzi. Na ulinzi, tofauti na umiliki, una gharama ambayo yaweza kumwangukia mmoja huku faida ikiwaendea wengi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Ni neno jema. Lakini haki haitembei peke yake; popote ilipo haki ya mmoja, pana wajibu wa mwingine. Mnywaji anayemwambia mkaa mlimani, "Usikate," kisha asimsaidie kubeba mzigo wa kutokata, hakudai haki, ametoa amri. Na anayesema "Asante" kisha akamwacha jirani yake na kiu, shukrani yake yakaribia fadhila ya punda, ambayo ni mateke. Wajibu wake ni kukubali kwamba sehemu ya anacholipa iwarudie walinzi, kwa shule, kwa visima, na kwa kazi nyingine ya kuwalisha.

Nasi wa Wote tusidhani kwamba swali hili ni la watu wa Mombasa peke yao. Mito yetu mingi hukauka, lakini mchanga wake huficha maji, na akina mama huchimba humo wakapata ya kunywa. Mchanga huohuo hutakiwa na wajenzi wa mijini. Auzaye lori moja la mchanga huuza pia kisima cha jirani aliye chini ya mto, na ajengaye nyumba kwa mchanga huo haioni kiu iliyomo ukutani mwake. Kaunti yetu ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lakini sheria haiwezi kukesha katika kila mto usiku. Panapokosa askari, hubaki dhamiri.

Basi wewe usomaye, uonapo ukungu asubuhi ya kipupwe, usiulize tu kama baridi itakwisha. Jiulize maji unywayo yamepitia mikononi mwa nani, na nani atakunywa baada yako. Asiyejua jibu la swali la kwanza hawezi kulitendea haki la pili.