Uokoaji ni Jukumu la Nani?

Wanazuoni wa Kiislamu huita fardhi kifaya lile jukumu ambalo wachache wakilitimiza, wengine husamehewa. Likiachwa, dhambi huwa ya jamii nzima. Kumwokoa anayezama ni jukumu la aina hiyo, na Uingereza inaonyesha uzito wake. Hadi 2015 helikopta nyingi za uokoaji huko ziliendeshwa na wanajeshi. Kisha kazi ikakabidhiwa kampuni ya Bristow kwa mkataba wa serikali. Wengi walioajiriwa mwanzoni walikuwa wanajeshi wa zamani, waliofunzwa kwa fedha za umma. Vikosi vile vya kijeshi vya uokoaji vimevunjwa, na rubani wa kuelea usiku juu ya mawimbi hapatikani kwa tangazo la kazi. Hukomaa kwa miaka.

Watasema wengine kwamba anayelipwa anafanya biashara, basi mshahara uongezwe, yaishe. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mshahara humvuta aliyekwisha kufunzwa, lakini haumfunzi mpya. Anapoajiriwa hapa, pengo linabaki alikotoka. Wala ujira wa wachache hauwaondolei wengi wajibu wa kuwaandaa warithi wao. Anayetaka kuokolewa kesho hana budi kukubali kodi yake imsomeshe mwokoaji leo.