Haki ya Mwenzi wa Sinia

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku waja wake, na sala na salamu zimshukie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Amma baad. Katika mambo yanayodharauliwa na watu, na hali yana uzito katika dini, ni namna ya kula. Muislamu hufunzwa udhu na Sala tangu utotoni, walakini aketipo mbele ya sinia huifuata pupa yake. Tonge la kwanza halijashuka kooni, mkono umekwisha rudi kwenye wali. Mara kitoweo kimekwisha, na mwenziwe, mzee asiye na meno au mtoto mwenye mkono mdogo, bado hajala kitu.

Hapa jambo hili hutoka katika adabu likaingia katika haki. Sinia iliyowekewa watu watano ni ya watano. Imepokewa kwa Ibn Umar (r.a.), katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kula tende mbili kwa pamoja akiwa na wenziwe, ila wampe idhini. Ikiwa tende moja ya ziada yataka idhini, yawaje matonge kumi ya mwenye haraka, na jirani yake hajamaliza mawili? Huyo hula fungu la mwenziwe, wala hajui. Na aliyepunjwa huona haya kunena, kwani kugombea chakula ni aibu. Hunyamaza, akaondoka na njaa yake.

Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani mwa Mtume (s.a.w.), alikuwa mtoto, na mkono wake ukitangatanga sahanini. Mtume alimfunza mambo matatu: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Yote matatu hutuliza mkono. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kwamba tonge liwe dogo, litafunwe vyema, na mkono usilinyoshee jingine mpaka la kwanza limezwe.

Tena iko faida ya mwili. Mtume (s.a.w.) alimwekea mwenye kula mpaka wa theluthi: moja ya chakula, moja ya maji, na moja ya pumzi. Matabibu wa zama hizi wasema kuwa shibe huchukua kadiri ya dakika 20 kutambulikana. Basi amalizaye kwa dakika 5 huipita theluthi yake kabla hajaijua.

Huenda mtu akasema kuwa kazi ni nyingi. Na ajue ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha, chakula cha jioni kikiwekwa na Sala ikikimiwa, kianzwe chakula, wala mtu asifanye haraka mpaka amalize, maadamu wakati haujatoka. Ikiwa Sala haikufanywa udhuru wa pupa, soko litakuwaje udhuru?

Basi mwenye kutaka kujirekebisha na aanze usiku huu. Ataje Bismillahi kwa moyo uliohudhuria, atwae tonge dogo, na autazame mkono wa aliye dhaifu siniani, aufuate mwendo wake.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu shibe ya halali, na awaepushe na kudaiwa tonge Siku ya Kiyama. Amin.