Je, ni haki kuwahesabu akina mama kwa kabila na rangi?

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa wasiwasi, hasa katika Kivu: akina mama wanapokufa katika kuzaa, je, yafaa kuandika kwamba huyu alikuwa wa kabila hili na yule wa kabila lile? Wengine husema: Yafaa, maana bila hesabu hakuna haki. Wengine hujibu: Haifai kamwe, maana hesabu ya makabila imemwaga damu. Pande zote mbili zina sababu nzito. Basi, wapendwa wasomaji, neno hili lataka kupimwa polepole.

Kwanza yapasa kujua hesabu yenyewe ni nini. Waganga wa hospitali huhesabu kila mama aliyekufa akiwa na mimba, au katika kuzaa, au kabla ya kutimia siku 42 tangu mimba ilipokwisha, ikiwa kifo kimetokana na mimba hiyo au na ugonjwa uliozidishwa nayo. Kisha huilinganisha hesabu hiyo na watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa nini kulinganisha? Msomaji achukue mfano. Katika kabila kubwa wamekufa mama 10, na watoto waliozaliwa ni 10,000. Katika kabila dogo wamekufa mama 2, na watoto ni 400. Mtu wa haraka atasema msiba ni wa kabila kubwa. Kumbe sivyo. Huko amekufa mama mmoja kwa watoto 1,000. Huku mmoja kwa watoto 200. Msiba wa kabila dogo ni mara tano. Ndivyo machozi ya wachache yanavyomezwa na hesabu ya wengi. Lakini mwenye busara hataamua kwa vifo viwili vya mwaka mmoja. Atahesabu miaka mingi kwanza.

Sasa tazameni Marekani. Mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walikufa mama weupe 14.5, na mama weusi 50.3, yaani zaidi ya mara tatu. Nao ni wenyeji wa nchi moja, chini ya serikali moja. Tena imeonekana kwamba hata mama mweusi aliyesoma chuo kikuu yumo hatarini kuliko mama mweupe ambaye hakumaliza shule ya sekondari. Basi umaskini na ujinga peke yake havitoshi kueleza jambo hili. Imewapasa watu kuuliza pia kama mama mweusi akisema “naumwa” husadikiwa upesi kama mwenzake. Swali hilo lingetoka wapi, kama rangi isingeandikwa? Hesabu ya mama wote wa nchi ile kwa mwaka huo ni 18.6. Aliyeisoma hiyo tu asingejua lolote.

Hata hivyo, anayekataa hesabu za kabila si mpumbavu. Katika Rwanda, tangu miaka ya 1930, Wabelgiji waliandika katika kitambulisho cha kila mtu: Mhutu, Mtutsi, au Mtwa. Mwaka 1994 karatasi hiyo ilikuwa hukumu ya kifo kizuizini barabarani. Wazee wa Kavumu wanakumbuka mwaka huo, maana kambi za wakimbizi za Kashusha na Inera zilijaa watu karibu na uwanja wa ndege. Ufaransa nayo, kwa sheria ya 1978, hairuhusu kuandika asili ya rangi ya mtu ila kwa sababu za pekee. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung’ongo.

Basi tuseme nini? Lazima kutofautisha kitu na matumizi yake. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake ili ajivunie nguvu zake, akaadhibiwa. Mchungaji mwema huhesabu kondoo, akiona mmoja hayupo, humwendea. Wote wawili wamehesabu, lakini mioyo yao haifanani. Kwa hiyo hesabu ni ya haki ikiwa na alama tatu. Alama ya kwanza ni kusudi: ihesabiwe ili kuokoa, si kutawala wala kudharau. Ya pili ni siri: kabila lisemwe na mama mwenyewe kwa hiari, lisiandikwe katika karatasi anayobeba mfukoni, wala majina yasitolewe nje. Ya tatu ni tendo: aliyeona tofauti afuate sababu yake na kuiondoa. Hesabu isiyofuatwa na tendo ni kama kuhesabu majeraha ya mgonjwa na kumwacha njiani.

Jambo hili si la mbali. Karibu na Kavumu uko msitu wa Kahuzi-Biega. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ukapanuliwa mwaka 1975, na Watwa waliokaa humo tangu mababu wakatolewa. Wengi wao hukaa mpaka leo katika Kabare na Kalehe, juu ya ardhi ya wengine. Mwaka 2022 Kongo iliweka sheria ya kulinda haki zao, na mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwamba haki zao zilivunjwa.

Mama Mtwa akishikwa na uchungu, hatari humfuata kwa njia tatu. Atachelewa kuamua kwenda, akiogopa deni na matusi. Atachelewa njiani, maana kipoyi hutaka watu wanne wenye nguvu, na vita iliyofika Kavumu Februari 2025 iliwafundisha watu kuogopa njia za usiku. Tena atachelewa mlangoni, akiambiwa angoje nyuma ya wenye fedha. Damu haingoji. Akifa, daftari likiandika “mama mmoja, Kabare” tu, kifo chake kitachanganyika na vingine, na wakubwa watasema kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Mtu atauliza: “Ikiwa watu wote ni sawa mbele ya Mungu, kwa nini kuwatenga katika daftari?” Jibu ni hili: kwa kuwa ni sawa, yapasa kushangaa wasipokufa sawasawa. Mwaka 2023 Kongo ilipoteza mama wapatao 427 kwa kila watoto 100,000; Ubelgiji hawakufika 10. Je, damu ya mama Mkongo huganda namna nyingine? Hasha. Kinachopungua ni dawa, njia, mkunga na fedha. Vivyo hivyo kabila si ugonjwa. Asemaye “Watwa hufa kwa sababu ni Watwa” hajajibu swali, amelifunga. Kwanza aulize: Walikuwa mbali kiasi gani? Walidaiwa nini? Walipokewaje?

Kwa hiyo mtu wa kijiji anayo kazi yake. Mama akifia nyumbani, habari ipelekwe kwenye kituo cha afya, hata kama ni aibu, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kushika daftari asilifanye maneno ya sokoni. Vijana washike kipoyi cha mama yeyote, bila kuuliza kwanza yeye ni Mushi au Mtwa. Na yule anayesubiri mlangoni asichekwe kwa usemi wake wala kwa nguo zake.

Kuandika kabila la mama aliyekufa si dhambi, wala si wema kwa wenyewe. Huwa wema siku ile mama wa kabila hilohilo anapofika usiku, akafunguliwa mlango upesi.