Amana Ndani ya Faili

Toleo jipya la programu yangu ya kutengenezea muziki kwa simu lilikuwa tayari kabla ya Ramadhani, lakini nimelitoa juzi tu. Lilifanya kazi vizuri. Kilichonizuia ni swali ambalo halimo katika vitabu vya ufundi: ninapoiboresha programu, nina haki gani juu ya nyimbo ambazo watu wamekwisha kuzitengeneza humo?

Wengi hudhani faili ya biti ni sauti iliyorekodiwa. Katika programu kama yangu, faili ni maagizo tu: piga ngoma hapa, rudia kinanda pale, shusha sauti hii. Sauti yenyewe huzaliwa upya kila mtu anapobonyeza kitufe, na anayeizalisha ni programu. Kwa hiyo wimbo wa mtu una sehemu mbili. Moja ameiandika yeye, nyingine imekaa kwangu. Nikigusa hesabu zangu, wimbo wake hubadilika yeye akiwa amelala.

Nilichogusa ni muda. Simu hutoa sauti kwa mafungu ya sampuli, vile vipimo vidogo vidogo vinavyounda sauti. Toleo la kwanza niliandikia simu za bei nafuu, na ili zisielemewe nilitumia fungu la sampuli 1,024. Simu inayotoa sampuli 48,000 kwa sekunde hulimaliza fungu hilo kwa milisekunde 21 hivi, na mlio uliotakiwa uanze katikati ya fungu ulisubiri fungu linalofuata. Katika muziki wa taratibu, ni wachache watakaolitambua hilo. Lakini singeli huvuka mapigo 200 kwa dakika bila kutoka jasho. Kwenye mapigo 240, robo ya pigo ni milisekunde 62.5, na kule kusubiri kunaweza kula theluthi yake. Mlio mmoja husubiri sana, mwingine hausubiri kabisa, na kwa kuwa ukubwa wa fungu haubadiliki, biti hupepesuka palepale kila unapoicheza. Toleo jipya huweka kila mlio kwenye sampuli yake hasa.

Nilimpa prodyuza mmoja kijana, mkazi wa Manzese, alijaribu. Alifungua biti yake ya zamani, akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho, akairudia.

"Dada, imenyooka sana. Haichezeki."

Halafu akaanza kunipigia ile ya zamani kwa vidole juu ya meza. Vidole vyake vilichelewa palepale programu ilipokuwa ikichelewa. Alikuwa ameshaihifadhi mwilini.

Rafiki yangu anayenisaidia kazi hii alikuwa na hoja nzito. Alisema kila tendo hupimwa kwa nia, na nia ya kijana yule ilikuwa kuweka mlio pale alipouweka kwenye kioo. Programu ilimchelewesha, sasa inamtii, nimemdhulumu nini? Hoja hiyo niliiwaza siku nyingi. Jibu langu ni kwamba nia ya mtu sina njia ya kuifikia, ila kuna jambo moja nalijua kwa hakika: aliisikia biti kwa masikio yake, ikamridhisha, akabonyeza hifadhi. Kuhifadhi ni kukiri. Alichokiri ni kile alichokisikia, na alama za kwenye kioo zilikuwa njia tu ya kufika pale. Historia ya muziki inanipa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ilitoa TB-303, mashine iliyokusudiwa kushika nafasi ya gitaa la besi. Haikuuzika, na kufikia 1984 ilikuwa imeachwa. Mwaka 1987 vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakatoa "Acid Tracks" kwa kuzungusha vitufe vyake namna ambayo watengenezaji hawakuwa wameiwazia. Fundi aliyeunda chombo si lazima awe ndiye anayejua uzuri wake uko wapi.

Nikaenda Tanga kwa maalimu aliyenisomesha fiqhi utotoni. Nilimweleza yote, mafungu na sampuli, naye akanisikiliza kwa subira. Alinikumbusha aya ya 58 ya Surat an-Nisaa, inayoagiza amana zirudishwe kwa wenyewe. Kisha akanipa jambo ambalo sikulitarajia. Katika madhehebu yetu ya Shafii, alisema, aliyewekewa amana akiihamishia mahali penye usalama zaidi, kwa kawaida halaumiwi. Nikadhani nimepata ruhusa. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umekihamisha kitu chake au umekibadilisha?"

Sikuwa na la kubishana naye.

Basi nimefanya hivi. Kila faili sasa hubeba namba ya toleo lililoizaa. Ukifungua biti ya zamani, injini ya zamani, yaani zile hesabu zilizokuwa zikiizalisha sauti yake, huamka na kuipiga kama ulivyoiacha, pamoja na kupepesuka kwake. Anayetaka iliyonyooka atachagua mwenyewe, na nakala ya awali itabaki. Gharama ipo: programu imeongezeka uzito, na najua watumiaji wangu wengi hununua bando la siku. Nami nitabeba injini mbili kila mfumo wa simu unapobadilika, kwani programu isiyosasishwa hatimaye hukosa nafasi katika simu mpya. Naona ni halali kuilipa gharama hiyo. Biti ya kijana asiye na studio, aliyoitengeneza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, inastahili ulinzi uleule anaopewa mwenye santuri dukani.

Maalimu aliongeza kwamba mwenye amana za watu anapaswa kuandika wasia, mauti yasije yakazipoteza. Nimeandika. Mdogo wangu ndiye atakayekabidhiwa programu yote, maelezo ya injini ya zamani yakiwemo, na sharti nililomwekea ni kwamba asiifute hata kama atakuwa amebaki mtu mmoja tu anayeitumia.