Mcheza Ugenini Hutunzwa na Nani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulio kambini hatuchezi kwetu. Sasa mcheza ugenini hutunzwa na nani, na lini? Swali hili limenikaa kichwani tangu Juni ya mwaka jana. Cha ajabu ni kwamba halikuletwa na rumba wala nyimbo za injili. Lililetwa na bendi ya kusini mwa Marekani ambayo wengi hapa hamjawahi kuisikia.

Iko hivi. Mfanyakazi mmoja wa shirika alipomaliza mkataba wake aliniachia flashi yenye nyimbo. Akaniambia, "Kaka, sikiliza hawa. Watu waliwapa nafasi ndogo kuliko waliyostahili." Nikaichomeka kwenye redio ya sola pale kituo cha vijana. Wenzangu walicheka, wakasema hii ni nyimbo ya kuchungia ng'ombe. Mimi nikaendelea kusikiliza, kwanza kwa ubishi tu, baadaye kwa sababu nilishindwa kuacha.

Bendi yenyewe ni The Marshall Tucker Band, kutoka mji wa Spartanburg, South Carolina. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1973, chini ya Capricorn Records ya Macon, Georgia. Muziki wao unaitwa roki ya kusini. Ukitaja roki ya kusini, mtu atakuambia Allman Brothers Band, kisha Lynyrd Skynyrd. Hawa wa Spartanburg wanakumbukwa baadaye, kama mtoto wa tano anayeitwa chakula kikiwa kimeshapungua.

Nadhani tatizo lao lilikuwa kwamba hawakuingia vizuri kwenye rafu yoyote. Jerry Eubanks alipiga filimbi na saksafoni katikati ya magita. Hii ni roki? Ni kantri? Ni jazi? Mpiga gita wao mkuu, Toy Caldwell, aliyetunga nyimbo zao nyingi, alipiga nyuzi kwa kidole gumba bila kushika kipande cha plastiki kama wengine. Kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi, na alijeruhiwa Vietnam. Mdogo wake, Tommy, alipiga besi. Doug Gray aliimba. Wimbo wao "Can't You See", ambao leo ndio unaowatambulisha, ulipotolewa tena kama singo mwaka 1977 uliishia nafasi ya 75 kwenye chati ya Marekani.

Mashabiki wao siku hizi wanapima upya. Wanarudia albamu moja moja na kubishana kama watu wa mpira. Wengi wanaishika sana Where We All Belong ya 1974, na mimi niko upande wao. Ilikuwa na sahani mbili: moja ya studio, nyingine ya jukwaani, iliyorekodiwa Milwaukee. Studio wanapiga vizuri, lakini jukwaani ndipo unaelewa walikuwa watu gani. Wimbo unafunguka, magita yanaachiwa, hakuna anayeangalia saa. Sisi wa Congo tunalijua jambo hili, tunaliita sebene. Mwimbaji ananyamaza, gita linachukua nyumba yote. Nilipoisikia sahani ile ya pili, nilisema hawa nao wana sebene yao, ila wachezaji wao wanavaa kofia za ng'ombe.

Lakini kupima upya si kusifia kila kitu. Shabiki mkweli anakubali kwamba albamu nyingine zilipiga hatua ndogo. Tommy Caldwell alifariki Aprili 1980 baada ya ajali ya gari, na mwezi mmoja kabla yake mdogo wao mwingine alikuwa amekufa kwa ajali ya gari pia. Mwaka 1981 bendi ikatoa Dedicated kwa kumbukumbu yake. Ukiisikiliza kwa huruma utasema ni kazi kubwa. Ukiisikiliza kwa haki utasema ni kazi ya watu wenye msiba, wanaojaribu kusimama. Yote mawili ni kweli. Mtu anayesema kila kilichosahauliwa kilikuwa dhahabu hajapima, ameonea huruma tu, na huruma si heshima. Nadhani sisi tunaoishi kwa kuhurumiwa tunajua tofauti hiyo kuliko wengi.

Sasa nifike pale paliponichoma. Mwaka 2003 ilitoka albamu yao nyingine ya jukwaani, Stompin' Room Only. Nyimbo zake zilirekodiwa katikati ya miaka ya 70, zikakaa kabatini karibu miaka 30. Zilipotoka, mashabiki wakasema: jamani, kumbe walikuwa wakubwa hivi! Lakini Tommy alikuwa ameshakufa miaka 23. Toy naye alifariki 1993. Sifa zilibisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wengine walishaondoka.

Niliposoma hizo tarehe nilikumbuka Papa mmoja wa zoni yetu. Jina lake silitaji kwa sababu familia bado ipo. Alitoka upande wa Fizi, alikuwa amepiga gita tangu enzi za Zaire. Kambini alitengeneza gita lake mwenyewe, nyuzi mbili zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Naye alipiga kwa kidole gumba. Jioni ungemsikia nje ya nyumba yake, polepole, peke yake, na watoto wanapita na madumu ya maji bila kugeuka.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya kupanga ratiba ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Papa alikuja kuomba nafasi, dakika kumi tu. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nilifikiri: vijana wataondoka, wageni watachoka, tutaonekana hatuna nguvu. Nikampa nafasi kundi la kudansi lenye spika kubwa. Nikamwambia, "Papa, mwaka ujao." Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Miye sina haraka, mutoto. Fasi ya kwenda iko wapi?"

Siku yenyewe alikuja hata hivyo. Alivaa shati lililopigwa pasi, gita mgongoni. Alikaa kwenye benchi la nyuma mpaka mwisho, labda alitumaini tutapata nafasi katikati. Hatukupata. Mwezi wa kumi na moja aliugua, akafa.

Kwenye matanga watu walizungumza. Mmoja alisema Papa alikuwa hazina. Mwingine alisema muziki wake ulikuwa historia yetu. Mimi pia nilisimama, nikasema maneno mazuri, watu wakaitikia. Nilipokaa nilisikia aibu kama mtu aliyelipa deni kwa pesa bandia. Yale maneno yote yalikuwa ya kweli, lakini yeye ndiye peke yake ambaye hakuyasikia.

Kwa hiyo swali ni hili: sifa inayochelewa ni haki, au ni kitu cha kututuliza sisi tuliobaki?

Kuna watakaosema heri kuchelewa kuliko kutofika kabisa. Nawaelewa. Mtoto wa marehemu akisikia baba yake anasifiwa, kuna kitu kinapona ndani yake. Ukweli ukisemwa leo bado ni ukweli. Wengine watanikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yaani afadhali msanii asisifiwe sana akiwa hai. Hili silikubali. Papa hakuhitaji kusifiwa. Alihitaji dakika kumi. Kumpa mtu nafasi ya kusikika ni tofauti na kumwaga sifa. Ukimsikiliza unaweza hata kumwambia hapa umekosea, rudia. Hiyo nayo ni heshima, kwa sababu umemchukulia kama mtu anayefanya kazi.

Mimi naona hivi. Deni kwa aliyeondoka halilipiki, hata tukiandika vitabu. Mashabiki wa Marshall Tucker hawamlipi Toy Caldwell chochote. Wanachofanya ni kusahihisha masikio yao wenyewe. Ni kazi njema, lakini ni kazi yao, si malipo yake. Na wameweza kuifanya kwa sababu moja tu: kanda zilitunzwa. Mtu fulani aliwasha mashine ya kurekodi usiku ule, mtu mwingine hakuitupa kanda. Bila hao hakuna kupima upya, kwa sababu hakuna cha kupima.

Sisi hapa tuna nini? Baada ya matanga nilizunguka kuulizia kwenye simu za vijana. Nilipata sekunde arobaini. Kijana mmoja alikuwa anarekodi mbuzi aliyepanda juu ya turubai, na nyuma yake gita la Papa linasikika. Basi. Kazi ya maisha yote, sekunde arobaini, na mbuzi ndiye nyota.

Kuna jambo lingine kuhusu bendi hii. Marshall Tucker hakuwa mwanabendi. Vijana wale walipanga ghala la zamani mjini Spartanburg kwa ajili ya mazoezi. Walikuwa wanatafuta jina la bendi, wakaliona kwenye ufunguo wa ghala, wakalichukua. Baadaye ndipo ilijulikana kwamba Marshall Tucker alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, kipofu, ambaye aliwahi kulitumia jengo lile kabla yao. Aliishi hadi miaka 99, akafariki Januari 2023. Fikiria: jina lako limeandikwa kwenye mamilioni ya sahani, watu wanalipigia kelele viwanjani, na hawakujui. Nikaangalia kadi yangu ya mgao. Jina langu liko kwenye kompyuta ngapi? Linaitwa foleni, linaitwa kwenye mahojiano, linaitwa siku ya sabuni. Jina kuitwa na mtu kujulikana ni vitu viwili.

Na haki ikianza kuulizwa, haiishii hapo. Rafiki yangu mmoja aliniuliza: wewe mweusi, unapendaje muziki wa kusini kule, ambako baadhi ya bendi zilitundika jukwaani bendera ya majimbo yaliyopigana 1861 hadi 1865 ili kulinda utumwa? Swali lake ni halali na sikulikimbia. Jibu langu ni kwamba ukisikiliza vizuri utawakuta weusi ndani ya muziki wenyewe. Kwenye ile sahani ya Milwaukee wanapiga "Everyday I Have the Blues", wimbo ambao watu wengi wanaujua kwa B.B. King. Phil Walden, mmoja wa walioanzisha Capricorn, kabla ya hapo alikuwa meneja wa Otis Redding. Kwa hiyo chini ya bendi iliyopewa nafasi ndogo kuna watu wengine waliopewa nafasi ndogo zaidi, wengi bila hata jina kwenye ufunguo. Ukianza kupima upya, pima mpaka chini. Ukiishia kwa yule unayempenda, umebadilisha kipenzi tu.

Najua wasomaji wa jarida hili ni wa aina mbili, wenyeji wa kambi na wafanyakazi wa mashirika. Kwenu ndugu wa mashirika nasema kwa upole, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi, si ninyi: shughuli ikiisha tunahesabu waliohudhuria, na ni lazima. Lakini siku ile namba ilikuwa nzuri sana. Papa naye alihesabiwa. Alikuwa mmoja wa waliohudhuria.

Kwenu vijana wenzangu: tuna simu, tuna memori kadi. Tangu Januari, Jumamosi jioni, tunakwenda watatu au wanne kwa mzee mmoja au mama mmoja anayejua wimbo, hadithi, au namna ya kusuka mkeka wa kwao. Tunaomba ruhusa, tunarekodi, tunauliza maswali. Si wote wazuri. Mzee mmoja alisahau nusu ya wimbo akatukasirikia sisi. Mama mmoja alikataa kabisa, akasema sauti yake haiko kwa ajili ya simu, tukanywa chai tukaondoka. Mpaka sasa tuna rekodi kumi na moja. Sijui nani atazisikiliza baada ya miaka 30, wala atakuwa nchi gani.

Nikirudi kwenye methali: nadhani mcheza ugenini hutunzwa na jirani yake, kwa sababu hana mwingine. Mimi nilikuwa jirani wa Papa, nyumba ya sita kutoka kwake. Juni hii kalamu ya ratiba iko mkononi mwangu tena. Dakika kumi za kwanza nimeziacha wazi, na jina la kuandika hapo nalitafuta kwa miguu, nyumba kwa nyumba, jioni, wakati magita yanapolia.