Je, Msikilizaji Ana Wajibu?

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi, alitualika jioni moja katika baa ambayo, kwa maelezo yake, watu hawaendi kunywa bali kusikiliza. Tulidhani ni mzaha. Sisi watu wa Busasamana, wilayani Rubavu, chini ya milima ya volkano, twaijua baa kuwa mahali pa kusema. Muziki humo hupigwa ili kujaza nafasi iliyobaki baina ya maneno. Hata hivyo tulikwenda.

Tulikuta chumba kidogo chenye mwanga hafifu. Ukuta mmoja mzima ulijaa santuri zilizosimamishwa rafuni kama vitabu, na mbele yake spika mbili zilizofika kifuani mwa mtu mzima. Vileo vilikuwa vya kuchanganywa, vyenye majani na maganda ya limau, na bei ya glasi moja ingetosha debe la viazi kwetu. Tuliagiza maji ya tangawizi. Kijana mwenye kuzitunza santuri alitoa moja katika jalada lake, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akashusha sindano. Watu wote wakanyamaza bila kuambiwa.

Desturi hii ilikomaa Japani. Huko, baada ya Vita Kuu vya Pili, santuri za jazi kutoka Marekani zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, basi watu walinunua kikombe cha kahawa ili wasikilize santuri za mwenye mkahawa, na katika mikahawa mingine mazungumzo yalikatazwa. Lakini kukusanyika mbele ya santuri si jambo geni pwani yetu ya Afrika Mashariki. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake ilirudi Unguja ndani ya santuri, na aliyekuwa na gramafoni hakukosa wageni.

Iliyopigwa jioni ile ilikuwa ya Orchestra Virunga, bendi aliyoiunda Samba Mapangala mjini Nairobi mwaka 1981. Mwimbaji huyo alizaliwa Matadi, mwisho mwingine kabisa wa Kongo, karibu na Bahari ya Atlantiki. Lakini jina la bendi yake ni la milima ile ile tuionayo kila asubuhi tukifungua mlango. Tulikiri moyoni kwamba hatukuwa tumewahi kumsikiliza, ingawa tulikwisha kumsikia mara nyingi sokoni na katika mabasi. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua dakika 20 hivi, kisha lazima mtu ainuke augeuze. Katika dakika hizo gitaa la pili, ambalo tulikuwa hatujui hata kwamba lipo, lilitoka mahali pake likasimama mbele yetu.

Mwalimu wa lugha hawezi kukaa dakika 20 bila kuchambua maneno. Kiswahili kina kusikia, ambako humpata mtu hata akiwa hana nia. Kina kusikiliza, ambako ni tendo la kukusudia. Na kutokana na hilo kina kusikilizana, maana yake kupatana. Kinyarwanda chasema kumva, neno moja kwa kusikia, kuhisi na kuelewa. Na anayetaka kusikiliza kwa makini huambiwa gutega amatwi, yaani kutega masikio. Tulianza kutunga kichwani hotuba ya kuwapa walimu wenzetu: kwamba kusikiliza ni heshima, kwamba vijana wetu wanaotembea na muziki masikioni kutwa hawaujui tena muziki, na kwamba ukimya ule ulikuwa shule ya maadili.

Hotuba ile haikumalizika, kwa sababu tulikumbuka ukimya mwingine.

Mwaka 1994 tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Kulikuwa na redio kwa jirani, na watu wazima waliizunguka, nao walinyamaza namna ile ile, vichwa vimeinama kidogo upande mmoja. Kituo cha RTLM kilikuwa kimeanza kutangaza Julai 1993. Kilipiga nyimbo nzuri. Jambo hilo halina budi kusemwa. Watu waliiacha kazi wazisikilize, na baina ya nyimbo yakaja maneno yaliyowataja majirani zetu Watutsi kuwa wadudu wa kuangamizwa. Hakuna aliyekuwa akisikia tu. Watu walisikiliza kwa masikio yaliyotegwa sawasawa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakatendwa.

Mmoja wa waimbaji waliopigwa redioni siku zile, Simon Bikindi, alikuwa mtu wa mkoa wetu wa wakati ule, Gisenyi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimhukumu miaka 15 mwezi Desemba 2008. Yafaa walimu wa fasihi wajue ni kwa kosa gani. Mahakama iliona kwamba nyimbo zake zilitumiwa mwaka 1994 kuchochea chuki, lakini zilikuwa zimetungwa kabla, na haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyezipeleka hewani wakati wa mauaji. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani baina ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994. Basi mtunzi alipimwa kwa uangalifu mkubwa. Msikilizaji je?

Tulimweleza mwanafunzi wetu haya tulipotoka nje. Akasema, kwa adabu yake ya siku zote, "Mwalimu, sikio halina kope. Jicho laweza kufumbwa. Utamlaumuje mtu kwa kilichomwingia?" Hoja hiyo ni nzito, na kwa yule anayesikia tu twaikubali yote. Lakini aliyesikiliza alitega. Alivuta kiti, akawanyamazisha watoto, akaongeza sauti. Mkono uliokuwa juu ya kitufe cha redio ulikuwa na kope.

Hatusemi kwamba wale vijana wa baa walikosea. Wengi wao, twadhani, hawakujua Kilingala, wakaburudika na sauti tu, hapana ubaya. Tulilolikosea ni letu wenyewe, kudhani kwamba umakini peke yake ni wema. Na kosa hilo tumelifundisha miaka mingi. Katika zoezi la ufahamu wa kusikiliza twasoma kifungu, kisha twauliza: nani alisema, wapi, lini, alitaka nini? Anayerudisha maneno kama yalivyo hupata alama zote. Jirani yetu wa mwaka 1994 angezipata. Aliweza kukariri matangazo ya jana neno kwa neno, na alama yetu nyekundu isingekuwa na mahali pa kuanguka.

Tangu turudi Busasamana tumeongeza swali moja katika zoezi hilo, tukitumia habari za kawaida: mchezo wa mpira, ugomvi wa shamba, tangazo la biashara. Twauliza, "Je, kuna mtu anayesemwa humu ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Yeye angesema nini?" Mara ya kwanza nusu ya darasa waliacha nafasi tupu. Wengine walilalamika kwamba jibu halimo katika kifungu. Msichana mmoja aliandika kurasa mbili kumtetea golikipa. Na sisi walimu tungali tunabishana ofisini jinsi ya kulisahihisha swali hilo, kwani mwenzetu mmoja ashikilia kwamba swali lisilo na jibu moja haliwezi kupewa alama, na bado hatujampata wa kutuamulia.